Nyumba haipandi ndege

Kila mwanzo wa mwezi nikinunua umeme wa 10,000 najua nitapata pungufu. Uniti zilizopaswa kuwa 28 zinakuja 23 na pointi zake, kwa sababu 1,500 imeshachukuliwa kabla tokeni haijaingia kwenye simu. Ni kodi ya jengo. Jengo lenyewe si langu. Nimepanga vyumba viwili na sebule Tabata, na mwenye nyumba ni mzee mmoja, fundi mwashi mstaafu, anayeishi vyumba vya uani. Mita yake na yangu ni moja, na mnunuzi wa umeme ni mimi. Nilipomuuliza kuhusu hiyo 1,500 alinijibu, "Mwanangu, hiyo tutaitazama kwenye kodi." Huu mwaka wa tatu bado tunaitazama.

Kiswahili chenyewe hapa kimetuchanganya. Kodi ya nyumba ni ile ninayompa mzee, na kodi ya nyumba ni ile mzee anayopaswa kuipa Serikali. Tangu Agosti 2021, makato yalipohamia kwenye LUKU, huu mfumo wa kununua umeme kabla ya kuutumia, zote mbili zimekaa kwenye mfuko wangu. Serikali ilisema mpangaji na mwenye nyumba wakubaliane warudishiane. Aliyewahi kupanga Dar es Salaam na kudaiwa miezi sita mkupuo anajua makubaliano ya namna hiyo huwa yanaishia wapi.

Lakini si hiyo 1,500 iliyonikalisha kuandika. Nimeandika kwa sababu ni hiyohiyo, bila kupungua wala kuzidi, inayodaiwa kwenye jumba la chini lililojengwa kwenye ekari nzima Oysterbay, lenye bwawa la kuogelea, nyumba ya walinzi na miembe ya tangu ukoloni. Nyumba ya kawaida ni 18,000 kwa mwaka. Nyumba ya ghorofa mjini ni 90,000 kwa kila ghorofa. Basi. Sheria haiulizi nyumba iko wapi, ina ukubwa gani, wala ingeuzwa bei gani kesho asubuhi. Vyumba vinne vya tofali za mchanga Mbagala na jumba la Oysterbay, mbele ya mita, ni ndugu wa tumbo moja.

Mjadala wa kama matajiri waongezewe kodi umerudi kwa nguvu, na kwa sehemu umeletwa na takwimu za shirika la kupambana na umaskini la Oxfam za Julai 2025, kwamba Waafrika wanne matajiri zaidi wana mali inayozidi ya nusu ya watu wa bara hili, watu milioni 750 hivi. Takwimu hiyo inatikisa, lakini naona inatupotosha sisi wa huku. Inatufanya tumtafute tajiri kwenye orodha ya mabilionea wa dola, ambako Tanzania ina jina moja tunalolijua wote, halafu tukishamsema huyo mmoja tunaona kazi imekwisha. Wenye nazo wa nchi hii ni maelfu, na wengi hawajulikani hata mtaa wa pili. Ana ghorofa mbili Sinza, yadi Tegeta, viwanja saba Kigamboni na hatifungani Benki Kuu, yaani fedha aliyoikopesha Serikali kwa riba. Kwenye fomu ya benki anajaza "mfanyabiashara mdogo".

Wakati huohuo pengo linapanuka. Umaskini wa mahitaji ya msingi ulishuka kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12 hadi 26.4 mwaka 2017/18, yaani chini ya pointi mbili kwa miaka sita ambayo tuliambiwa uchumi unapaa. Kipimo cha Gini, ambacho kikipanda ndipo tofauti ya wenye nacho na wasio nacho inapozidi, kwa makadirio ya Benki ya Dunia kilitoka karibu 38 mwaka 2011 na kuvuka 40 mwaka 2018. Uchumi ulikua kweli. Swali ni ulikulia mikononi mwa nani.

Jibu la haraka la wengi ni kwamba tupandishe kiwango cha juu cha kodi ya mapato. Mimi nalikataa, na sikatai kwa kuwahurumia matajiri. Tazama jedwali la PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara. Mshahara hadi 270,000 haukatwi. Juu ya hapo unaanza kukatwa asilimia 8, kisha 20, kisha 25, na ukivuka 1,000,000 kila shilingi inayoongezeka inakatwa 30. Hapo ndipo ngazi inapoishia. Mhasibu wa milioni moja na laki mbili na mkurugenzi wa milioni 50, shilingi yao ya mwisho inakatwa sawasawa. Ukiongeza ngazi ya asilimia 35 kwa wa milioni 10 na kuendelea utakuwa umefanya haki kidogo, lakini utakuwa bado unawavua samaki walewale walio ndani ya tenga. Mwajiriwa hana pa kujificha. Kodi yake inakatwa kabla hajauona mshahara.

Kenya wamepita njia hiyo. Mwaka 2023 waliongeza ngazi za asilimia 32.5 na 35 kwa mishahara mikubwa, na papo hapo wakaleta makato ya asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, yanayomgusa hata mfagiaji. Mwaka uliofuata ulipokuja muswada mwingine wa fedha, vijana waliingia hadi ndani ya Bunge tarehe 25 Juni, damu ikamwagika, na kesho yake Rais akauondoa. Tajiri wa Nairobi mwenye majumba ya kupangisha alilitazama lote hilo kwenye televisheni.

Sasa fikiria majirani wanne, kila mmoja anaingiza milioni 10 kwa mwezi. Wa kwanza ni daktari bingwa aliyeajiriwa. Tukiacha michango ya hifadhi ya jamii, PAYE yake ni 2,828,000. Wa pili anapangisha nyumba, na kodi ya zuio kwenye pango ni asilimia 10: analipa 1,000,000, tena kama mpangaji wake ni kampuni au taasisi inayokata kweli, maana mpangaji wa kawaida hajui hata kwamba kuna kitu cha kukata. Wa tatu anaishi kwa gawio la hisa za kampuni zilizoorodheshwa soko la Dar es Salaam. Kiwango ni asilimia 5, yaani 500,000. Wa nne ana bilioni moja kwenye hatifungani ya Serikali ya miaka 20. Chukulia riba ya asilimia 12, ni milioni 120 kwa mwaka, milioni 10 kila mwezi kama wenzake. Kodi yake ni sifuri. Riba ya hatifungani za muda mrefu imesamehewa.

Haki ya kusemwa isemwe. Huyu wa gawio, kampuni yake imeshakatwa asilimia 30 ya faida kabla yeye hajagawiwa. Wa nyumba anakatwa kwenye pango lote bila kutoa gharama za rangi na mabomba. Na Serikali ina sababu ya kuisamehe hatifungani: inataka kukopa ndani, kwa muda mrefu, kwa bei nafuu, na riba ingetozwa kodi wakopeshaji wangedai riba kubwa zaidi. Sababu hizo zina uzito. Lakini zipange zote tatu upande mmoja, halafu umtazame daktari. Kati ya majirani wanne ndiye pekee anayeamka usiku kwenda kazini, na ndiye anayelipa kuliko watatu wote wakijumlishwa.

Chini ya hao wanne wapo ambao hata PAYE hawaifikii, na hao wanalipa kila siku. Sabuni ina VAT ya asilimia 18. Lita ya mafuta ina tozo juu ya tozo, na nauli inafuata. Julai 2021 tuliletewa tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, na mama anayemtumia mwanawe hela ya shule ndiye aliyeonekana ana uwezo. Kelele zilipozidi, Septemba mwaka uleule ilipunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikaendelea kukatwakatwa. Nakumbuka pia bajeti ya 2016/17 ilipopendekeza kukata kodi kwenye kiinua mgongo cha wabunge. Wengi wao walisimama kueleza, kwa ufasaha wa ajabu, jinsi kodi inavyoweza kumwonea mtu.

Kwa hiyo narudi kwenye nyumba, kwa sababu ndiko fedha ya mjini inakokwenda kulala. Mtanzania akipata, halali au haramu, hanunui hisa kwanza. Anajenga. Anayeficha mauzo dukani haoni haya kunyanyua ghorofa tano barabarani. Vitabu vya hesabu vinaweza kuwa viwili, kimoja cha TRA, mamlaka ya mapato, na kimoja cha mwenyewe, lakini ghorofa ni moja na kila anayepita na daladala anaiona. Tena wanaotutisha kwamba tajiri akibanwa atahamishia mali Dubai, wanaweza kuwa sahihi kwa akaunti ya dola. Kwa nyumba ya Masaki hawako sahihi. Nyumba haipandi ndege.

Na thamani ya nyumba hiyo mwenye nyumba hakuitengeneza peke yake. Daraja la Tanzanite lililofunguliwa 2022, kutoka karibu na hospitali ya Aga Khan hadi upande wa Coco Beach, lilijengwa kwa mkopo wa Korea Kusini ambao tutaulipa sote, wa Nachingwea na wa Kibondo wakiwemo. Daraja la Kigamboni, lililofunguliwa 2016, ni kali zaidi kwa mfano. Bodaboda akivuka analipa tozo. Aliyekuwa ameshika viwanja ng'ambo ya pili akisubiri bei ipande, bei ilipopanda hakudaiwa chochote na daraja. Kiwanja chake kina nyasi tu, hakina mita ya LUKU, kwa hiyo hata ile 1,500 ya Tabata haimhusu. Ipo kodi ya pango la ardhi, ambayo angalau inatazama ukubwa, eneo na matumizi, lakini haifuati kasi ya bei, na inamdai aliyepimiwa tu.

Kodi sawa kwa kila paa si wazo jipya hapa. Wajerumani waliileta mwaka 1898, rupia 3 kwa kibanda, na lengo lao halikuwa haki. Walitaka watu watoke wakatafute vibarua mashambani. Sisemi waliotunga sheria ya sasa wana nia ile. Walitaka urahisi. Zamani halmashauri zilipaswa kuweka daftari la uthamini, wathamini walikuwa wachache, daftari likichakaa halifanywi upya, nyumba nyingi hazikuwemo kabisa. TRA ilipokabidhiwa kodi hii mwaka 2016, na baadaye viwango vikawekwa bapa, kila mtu alielewa bili yake. Urahisi ni sifa nzuri ya kodi. Ila urahisi huu umenunuliwa kwa gharama ya mtu wa Mbagala.

Tunaambiwa kuthamini nyumba zote za mjini haiwezekani. Aprili 1971 Serikali ya Mwalimu Nyerere ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi, ikayaweka chini ya Msajili wa Majumba. Siupigii debe uamuzi ule. Familia nyingi, hasa za Watanzania wenye asili ya Asia, zilipoteza kazi ya maisha yao kwa siku moja, nyingi zikaondoka nchini, na majengo mengi yalikuja kuchakaa mikononi mwa umma. Ninachokiona ni kimoja tu: bila kompyuta, bila setilaiti, Serikali ilijua jengo lipi linafika laki moja na lipi halifiki. Iliwezekana kwa kunyang'anya, kwa kutoza inashindikana vipi?

Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, ilikuwa na hali kama yetu, na mwaka 2020 Meya Yvonne Aki-Sawyerr alibadili mfumo. Hawakusubiri wathamini wasiokuwepo. Walitumia picha za setilaiti kuzihesabu nyumba, halafu wakatuma vijana kuziangalia kwa nje na kuzipa alama: ukubwa, aina ya paa, kuta, barabara inayofika, mtaa wenyewe. Bwawa la kuogelea lina alama zake. Majengo kwenye daftari yalitoka kama 57,000 hadi zaidi ya 120,000. Bili za nyumba za chini zilishuka, za juu zikapanda mara kadhaa. Ikafuata vita, bila shaka. Serikali kuu ilisimamisha utozaji kwa muda mrefu, na meya alikuwa wa chama cha upinzani. Mwenye kudhani kodi ya namna hii ni suala la kiufundi tu aisome habari ile vizuri.

Kwetu, alama za Freetown zingekaa kwenye daftari la mtaa bila shida. Mjumbe anazijua nyumba zote za eneo lake. Dalali anajua na bei.

Yako mapingamizi ninayoyaheshimu. La kwanza ni la bibi wa Kariakoo. Ana nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita aliyoachiwa na mumewe, kiwanja chake sasa kinatajwa kwa mamia ya mamilioni, na yeye anaishi kwa kuuza vitumbua. Ukimtoza kwa thamani unamfukuza, na mwenye fedha ya kujenga ghorofa amesimama mlangoni na mkataba. Huyu lazima alindwe. Kusamehe wazee wa miaka 60 na kuendelea kwa nyumba wanayoishi si jambo geni kwetu, na kodi inaweza kungoja hadi siku nyumba itakapouzwa au kurithiwa.

La pili ni kwamba mwenye nyumba atauhamishia mzigo kwa mpangaji. Mimi mwenye uniti 23 siwezi kulicheka hilo. Ila anayepangisha Masaki kwa dola 2,000 hajaweka bei hiyo kwa huruma, ameweka kiasi ambacho soko linabeba, na vibao vya "inapangishwa" vinaning'inia huko mwaka mzima. Akipandisha, mpangaji anahamia jengo la pili. Tabata, ambako vyumba vinagombaniwa, mzigo unahama kirahisi zaidi, na ndiyo sababu kodi yenyewe inapaswa kuwa nyepesi Tabata.

La tatu ndilo gumu. Wazipate wazifuje? Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, hutoka kila mwaka, tunaguna wiki mbili, mashangingi yanaendelea kupishana. Nikimwambia tajiri alipe zaidi anaweza kunionesha shangingi na nikakosa la kusema. Ninachoweza kusema ni kwamba kodi ya jengo, kuliko kodi zote, ndiyo iliyopaswa kubaki mtaani. Ilipokusanywa na manispaa, angalau ulijua ofisi ya kwenda kuuliza kwa nini mtaro umeziba. Sasa inaingia kwenye LUKU, inapanda juu, na mtaro ukiziba hakuna anayehusishwa na tokeni yako.

Nimejaribu kupiga hesabu yangu, ya mtu asiye mthamini. Nyumba isiyozidi milioni 50 isilipe kabisa. Juu ya hapo, asilimia 0.2 ya kinachozidi, kwa mwaka. Nyumba ya bilioni moja ingelipa 1,900,000, kama 158,000 kwa mwezi. Ukirudi kwenye jedwali la PAYE utakuta mwajiriwa wa mshahara wa milioni moja na laki moja, aliyepanga, asiye na kiwanja popote, anakatwa 158,000 kila mwezi na hakuna anayesema amekomolewa.

Jumapili iliyopita nilimwonesha mzee wangu hesabu hiyo barazani. Hakupenda. Nyumba yake mimi naikadiria milioni 80, na kwa kanuni yangu angetoka 18,000 kwenda 60,000 kwa mwaka. Alivuta miwani, akaipitia tena namba moja moja kama anapima saruji. Halafu akaniuliza nyumba za Masaki, mbili alizozijenga yeye mwenyewe akiwa na nguvu zake, zingelipa ngapi. Nikamwambia makisio yangu, mamilioni kwa kila moja. Akakaa kimya hadi chai ikapoa.

"Na hao," akasema, "watakatwa kwenye LUKU kama sisi? Maana mmoja namjua, juu ya paa ameweka sola tupu."